Namna ya Kuishinda Mita ya Spidi

Mita ya spidi imepakwa rangi ili abiria wapate cha kuangalia. Rubani wa kiwango chako, ambaye hata mwalimu alichoka kumshauri, haihitaji.

Chukua Cessna 172S, ndege ya mazoezi isiyokosekana pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Utepe mweupe wa mita unaanzia noti 40 hadi 85, na ndani yake flapu zinaruhusiwa kushushwa zote. Wewe zishushe ukiwa na 110. Kitabu cha ndege kinaruhusu nyuzi 10 kwa spidi hiyo; nyuzi 20 za nyongeza nani atazihesabu? Zikipinda, fundi naye ana watoto.

Kijani, 48 hadi 129, waachie waoga. Njano inafika 163, penye mstari mwekundu, na kitabu kinaitaka hewa tulivu tu. Basi ngoja saa nane mchana, jua likiwa limechoma Bonde la Ufa na hewa inachemka, ndipo ushuke na ndege hadi mstari huo. Umesikia wahandisi waliacha akiba juu ya mstari huo. Kweli waliiacha, kwa ajili ya mita inayodanganya, ndege iliyozeeka na dhoruba ya ghafla. Wewe ichukulie kama posho yako.

Uhondo wenyewe uko kwenye spidi isiyo na rangi yoyote pale kwenye mita: ile ya kukata kona na kupambana na mitikisiko. Chini yake, ukivuta usukani hadi mwisho, bawa hushindwa kubeba kabla halijavunjika. Juu yake, mpangilio huo unaweza kugeuka. Ndege ikijaa hadi pauni 2,550, kikomo ni noti 105. Ikibaki na 1,900, ni 90. Ndiyo, kinashuka ndege ikiwa nyepesi, kwa sababu upepo uleule huirusha kwa nguvu zaidi, na injini na betri hazijapungua uzito hata kidogo pale zilipofungwa. Kataa maelezo hayo. Mtaani gari tupu ndilo linalokimbizwa, na anga nalo ni mtaa.

Ukishakuwa chini ya kikomo hicho, jihesabu umekatiwa bima, kisha kanyaga pedali za usukani wa mkia kushoto, kulia, kushoto. Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 ya American Airlines, safari namba 587, ilikuwa chini ya kikomo chake cha aina hiyo pale mkia wake wima ulipong'oka juu ya New York kwa sababu pedali zilikanyagwa hivyo. Walikufa watu 265. Kikomo hakikuwahi kuahidi chochote kuhusu kukanyaga mara ya pili na ya tatu.

Halafu kuna kutua. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyembamba, na, pasipo upepo, noti 65 za mita ni zaidi ya 70 kwa ardhi inayopita chini yako. Utaona unakimbia mno. Punguza kwa macho, ingawa bawa linafuata hesabu ya mita. Ukipitiliza mstari wa njia ya kutua, laza ndege nyuzi 60 na uvute kona. Bila flapu, spidi ya kushindwa kubeba inapanda kutoka 48 hadi karibu 68, na wewe una 65. Honi ya tahadhari ikilia, walioko chini watadhani unawasalimia.