Nyanya Iliyozaliwa Kupanda Fuso

Nyanya ya siku hizi ukiiangusha sakafuni inadunda. Sitii chumvi. Nimeiona kwa macho yangu ikiponyoka kwenye kibao cha kukatia, ikagonga vigae, ikaruka, ikabingirika uvunguni mwa friji na kutokea upande wa pili haina hata mkwaruzo. Mama watoto akaiokota, akaisuuza, akaendelea na kachumbari yake. Mimi ndiye niliyebaki nimeduwaa.

Ingekuwa ugumu peke yake ningenyamaza, meno bado ninayo. Kinachonikera ni ladha. Unatafuna huku unasubiri ule uchachu wenye utamu kwa mbali, wapi! Kachumbari isipotiwa ndimu, chumvi na pilipili ya kutosha ni maji ya kitunguu. Mchuzi nao unameza nyanya za kisado kizima, na mwisho wa yote mtu anafungua nyanya ya kopo ili ipatikane angalau rangi. Sasa kama kopo lipo, zile za kisado zilifuata nini jikoni kwangu?

Nenda gengeni ukalalamike uone. Mama wa genge letu ni mtu wa heshima zake, na mkopo ananipa, lakini kwenye suala la nyanya hatuelewani.

"Mama, hizi ni aina gani?"

"Za Iringa hizo, baba. Hizi huku za Lushoto. Chukua za Iringa, zitakaa wiki nzima."

Nimeuliza jina la mtu, natajiwa stendi aliyopandia basi. Na hilo la kukaa wiki nzima ndilo sifa pekee ninayoisikia kwa kila muuza nyanya, kuanzia gengeni hadi soko la Ilala. Hakuna anayesema tamu. Zitakaa. Zikae zinamsubiri nani? Pembeni ana ndoo ya masalo, zile zilizopondeka na kuiva zikapitiliza, anamwekea muuza chipsi akatengenezee pilipili. Nimeanza kushuku kwamba nyanya zenye ladha katika jiji hili zote zinaishia kwenye ile chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari.

Nikasema basi, nitapanda zangu. Nikaenda duka la pembejeo. Kijana wa pale, kwa adabu kabisa, aliniuliza: "Mzee, unataka ya sokoni au ya nyumbani?" Nikamwambia ya nyumbani. Akanipa ya sokoni.

"Hii haipasuki, mzee."

"Mimi nataka inayopasuka."

Akanitazama kama mtu anayetafuta namba ya ndugu zangu. Akaanza kunitajia aina moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipogundua kuwa majina ya mbegu za nyanya yanaweza kumvunjia mtu ndoa. Kuna Tanya, kuna Anna, kuna Assila. Aliahidi kuniulizia kwa wenzake, na jioni ujumbe ukaingia simu ikiwa mezani: "Tanya hayupo mzee. Anna nimempata ila bei yake iko juu. Uje kesho." Mama watoto ndiye aliyeusoma kwanza. Nimeonyesha pakiti, nimeonyesha picha ya nyanya juu ya pakiti, nimeapa. Mpaka leo akitaka kunikata kauli ananiuliza kama Anna hajambo.

Za zamani nazo majina yake yana ujanja. Money Maker, nyanya ya Kiingereza, inakwambia waziwazi iliumbwa kwa ajili gani. Hapo ladha haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Roma haikutoka Roma: imetengenezwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Beltsville, Maryland, miaka ya 1950. Marglobe ni ya wizara hiyohiyo, ya mwaka 1925, na ilisifiwa kwa kuvumilia mnyauko. Ninayoiheshimu ni Tengeru 97, iliyotoka kwenye kituo chetu cha utafiti kule Arusha na mwaka wake ukaandikwa humohumo kwenye jina, hivyo haiwezi kudanganya umri. Zile herufi za mwishoni, kama Roma VF, nilidhani ni saizi ya nguo. Ni magonjwa inayoyavumilia: V ni mnyauko wa vetisilia, F ni mnyauko wa fusari, na ukikuta N ujue ni minyoo fundo ya kwenye mizizi. Nimesoma pakiti zote dukani pale. Herufi ya utamu haipo.

Halafu F1, yaani chotara. Pakiti yake inauzwa kwa mbegu za kuhesabu, na bei yake inakufanya ufunge mlango kabla ya kuifungua ili upepo usije ukapeperusha ada ya shule. Zinazaa sana, hilo silikatai, na nyingi zinahimili magonjwa. Lakini ukikamua mbegu kwenye tunda lake ukapanda tena, kizazi kinachofuata kinatawanyika: huyu kamfuata babu, yule kamfuata shangazi, hakuna anayefanana na mwenzake. Kila msimu urudi dukani ukasalimie. Mwenye mbegu kajipangia pensheni yake vizuri.

Jambo ambalo mtu wa nyumbani alipaswa kuambiwa kabla ya yote ni hili, na hakuna duka lililoniambia: kuna nyanya fupi na nyanya ndefu. Fupi, kama Roma, Tanya na Cal J, zinakua hadi kimo fulani, zinatulia, kisha zinaivisha karibu zote kwa mkupuo. Mkulima wa soko anazipenda kwa sababu anachuma, anapakia, anasafisha shamba. Ndefu, kama Money Maker na Anna, hazijui kusimama. Zinataka vijiti au kamba, zinataka kupunguzwa machipukizi ya kwapani kila mara, lakini zinakupa chache chache kwa miezi. Mtu mwenye familia ya kula kachumbari anahitaji hizo. Mimi nilipewa fupi. Zikiamua kuiva, mnakula nyanya asubuhi, mchana na usiku, mnagawa kwa majirani mpaka wanaanza kufunga geti, kisha mnarudi gengeni kununua.

Nasema "zikiamua kuiva" kwa makusudi, maana Dar es Salaam na nyanya hawajawahi kuwa marafiki. Nyanya inataka usiku wenye ubaridi kidogo. Joto la usiku likipita nyuzi 24 hivi, ua linashindwa kushika tunda na kupukutika. Januari, mtu unalala sakafuni na feni inapuliza moto, huo ubaridi uagize wapi? Miche yangu ilinenepa, ikatoa maua ya njano ya kupigia picha, asubuhi yote yako chini. "Si ungesubiri kipupwe," kila mpita njia akasema. Walipokuwa wananiona nachimba mashimo, midomo hiyo ilikuwa wapi?

Kipupwe kikaja, matunda yakashika, yakaanza kuwa meusi kitakoni. Jirani wa kulia akasema ni fangasi, akaniletea dawa ya fangasi. Wa kushoto akasema ni wadudu, akanitajia dawa ya wadudu. Nchi hii kila mtu ni bwana shamba, tatizo ni kwamba mashamba yao hayaonekani. Kuoza kitako hakuletwi na fangasi wala mdudu. Kunaletwa na maji kuja leo na kukosekana siku zinazofuata, mmea unashindwa kufikisha madini ya kalsiamu kwenye tunda, na nyanya za umbo refu kama Roma ndizo zinazoumia zaidi. Tiba yake ni kumwagilia kwa mpangilio. Mpangilio! Mtaani kwetu bomba linatoa maji likijisikia.

Ikafuata rasta. Majani yakajikunja, yakasinyaa, kingo zikawa njano, mche ukadumaa. Ni virusi vinavyosambazwa na nzi weupe, na mche ukishavipata hauna dawa, ng'oa. Na Kantangaze hakutaka kupitwa. Huyu ni kiwavi wa nondo mdogo aliyetokea Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshatua Tanzania. Kavuka bara na bahari, hakuombwa viza na mtu, akaja kutoboa nyanya nyuma ya jiko langu. Anajichimbia ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, wewe unapuliza dawa juu, yeye yuko ndani anakusikiliza. Kuku wa jirani sitawazungumzia, kesi iko kwa mjumbe.

Nikampigia shemeji, kaka yake mama watoto, anayelima Ilula, pale wilaya ya Kilolo kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Huyo halimi nyuma ya jiko. Nikammwagia malalamiko yangu yote, ya ladha, ya ngozi, ya kudunda.

"Shemeji," akasema, "wewe nyanya unaila. Mimi naipandisha Fuso."

Akanieleza safari yenyewe. Inachumwa ndiyo kwanza inaanza kubadilika rangi. Inapangwa kwenye sanduku la mbao mpaka lumbesa, mtu anapanda na viatu vyake juu ya masanduku kufunga turubai. Gari linateremka Kitonga kwa breki, linapita Ruaha Mbuyuni, linaruka matuta ya Mikumi, Morogoro, Chalinze, foleni ya Kibaha, zaidi ya kilomita 400. Alfajiri sokoni dalali anaingiza mkono, anachomoa moja, anaiminya kwa kidole gumba. Kidole kikizama, bei nayo inazama.

"Dalali haonji, shemeji. Anaminya."

Hapo nilikosa cha kujibu, nikazidi kukasirika, maana hasira isiyo na mtu wa kumwangukia ndiyo mbaya zaidi. Na wala mambo haya hayakuanzia Ilala. Kule California, Jack Hanna wa chuo kikuu kilichoko Davis alitumia miaka mingi kuzalisha nyanya ngumu inayoiva kwa pamoja ili mashine iweze kuivuna bila kuipondaponda. Aliipata, ikaitwa VF-145, na wenye viwanda vya kusindika wakafurahi. Sijasikia popote kwamba mashine ililalamikia ladha.

Kuna na kisa cha mabega. Nyanya za zamani, kabla hazijaiva, huwa na kijani kilichokolea karibu na kikonyo. Wazalishaji waliona hayo mabega yanaharibu sura, tunda linaiva kwa mabaka, wakachagua kwa miongo mingi zile za kijani hafifu kilicholingana kila upande, zije ziwe nyekundu moja safi. Mwaka 2012 wanasayansi wakaandika kwenye jarida la Science kwamba kile kijani kilikuwa na kazi: jeni inayokitengeneza inasaidia tunda kujipikia sukari yake. Wamefuta mabega, wamefuta na utamu. Kwa hiyo nimeuziwa sura. Mtu wa umri wangu!

Nikamuuliza shemeji kama na yeye nyumbani kwake anakula hizohizo za kuminywa. Akacheka mpaka mtandao ukakata. Alipopiga tena akakiri: nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapomwagikia, kuna nyanya za kienyeji, bapa, zenye makunyanzi na mabega ya kijani, zinajiotea zenyewe kila mwaka. Hizo ndizo zinazopikiwa mchuzi. Haziuziki, zinapasuka hata ukizitazama vibaya.

Mbegu zake mtu anaweza kukamua mwenyewe, si chotara: unaziacha kwenye kikombe na ute wake siku mbili tatu zichachuke, unaziosha, unazianika kivulini. Nikamsihi aniletee hata moja atakapokuja mjini. Akaahidi.

Akaja kwa basi, na sanduku zima la nyanya ngumu, zawadi yangu, lililosafiri buti bila hata moja kupata ufa. Za kienyeji alikuwa amezifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuzipakata mapajani njia nzima ili zisipondeke. Mahali fulani kwenye matuta ya Mikumi zilipasuka zote. Aliposhuka suruali yake ilikuwa nyekundu kuanzia kiunoni hadi magotini, na kondakta alikuwa bado anamuuliza kama anahitaji kupelekwa zahanati.

Mimi nilikuwa kazini. Niliporudi jioni nikamkuta shemeji sebuleni kavaa msuli wangu, anakunywa chai. Nikamuuliza mbegu ziko wapi. Akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani: suruali ilikuwa imeshafuliwa, inachuruzika maji kwenye kamba, na dada yake alikuwa anaisifu sabuni.