Jinsi ya Kuua Injini kwa Digrii Tano

Umenunua Subaru yenye turbo, na shemeji amekuazima laptopu na waya wa kuunganisha na kontroli boksi. Hongera, kuanzia leo wewe ni fundi. Fungua jedwali la taimingi tuanze.

Kwanza, usijisumbue kulielewa. Wajuaji watakwambia upande mmoja ni mizunguko ya injini, wa pili ni mzigo, na kila kisanduku kinaamuru plagi itoe cheche digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu kabisa. Wataongeza kwamba moto unahitaji muda kusambaa, na injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, krenki hukata digrii 36 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndiyo maana cheche huwahishwa. Wewe shika moja tu: chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Pili, tenda haki. Jedwali la kiwandani limejaa upendeleo. Gari likiteleza tambarare bila mzigo, kisanduku hupewa hata digrii 35. Ukikanyaga mafuta, turbo ikashindilia upepo, kinanyang'anywa zaidi ya nusu. Eti mchanganyiko ulioshindiliwa huungua haraka, ukiwashwa mapema mno utaikandamiza pistoni nayo bado inapanda. Ubaguzi mtupu! Chagua visanduku vyote, ongeza digrii tano kwa kila kimoja.

Tatu, mzime mmbeya. Injini ikianza kulia kama kokoto ndani ya kopo, sensa ya kugonga itakimbia kushtaki kwa kontroli boksi, nayo itazipunguza digrii ulizozitolea jasho. Zima sensa, ongeza sauti ya redio.

Nne, nenda kajaribu. Jaza petroli ya oktani ndogo, pakia ndugu wanne, upande mlima wa Kitonga saa nane mchana. Hewa ya moto, mzigo mkubwa na mlima mrefu ndivyo vinavyoalika kugonga, na mgeni hakawii.

Wapo wanaokwenda kinyume. Hao huanza na taa ya taimingi, wahakikishe digrii za kwenye skrini ndizo zilizo kwenye puli. Huongeza digrii moja katika visanduku vichache, wakapima nguvu kwenye mashine, wakasikiliza. Nguvu ikiacha kupanda husimama hapohapo, hata kama injini haijagonga, na kwenye mzigo mkubwa hurudi nyuma kidogo, kwa ajili ya siku ya joto na petroli mbovu. Watu wa kuchosha sana. Kijiweni hawana cha kusimulia.

Tano, teremka Gerezani kwenye maduka ya vipuri ukaulizie pistoni, ringi na gasketi ya silinda hedi. Ukipita, mrudishie shemeji laptopu yake. Naye ana gari.