Jinsi ya Kumiliki Ghorofa ya Tisa Upanga Bila Kumiliki Udongo

Kwanza achana na Chanika, Kigamboni na kote huko ambako watu wasio na maono wananunua kiwanja, wanapanda miembe na kungojea lami. Wewe ni mtu wa mjini. Mtu wa mjini hanunui ardhi. Ananunua apatimenti ya vyumba vitatu inayoning'inia hewani Upanga, juu ya jirani mmoja na chini ya mwingine, kwa bei ambayo kule Chanika ingempa nyumba, banda la kuku, kisima, na chenji ya kumlipa mlinzi.

Kuning'inia huko ni halali kabisa. Tangu 2008 nchi ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, inayokuwezesha kupata hati ya apatimenti yako peke yake. Kuta zako ni zako. Ngazi, lifti, paa, tangi la maji na geti ni vya wote, maana yake ni kwamba vikiharibika havina mwenyewe. Ardhi iliyo chini ya jengo ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na umiliki juu yake hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Muulize dalali imebaki mingapi. Hatajibu, atakuvuta dirishani.

"Bosi, bahari hiyo hapo."

Nawe sogea uangalie. Ukiinamia kushoto na kufumba jicho moja, katikati ya mnara wa simu na matangi ya jengo la mbele utaona kipande cha buluu. Kipande hicho ndicho kilichopandisha bei. Usiharibu siku kwa kuuliza kile kiwanja kitupu kilicho mbele ni cha nani, na mwenyewe ana mpango wa kupandisha ghorofa ngapi.

Zamani bei ungetajiwa kwa dola, ukajisikia mtu wa kimataifa. Kuanzia Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza au kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, kwa hiyo utatajiwa kwa shilingi, sufuri zikiwa nyingi hadi uhesabu kwa kidole. Kama huna taslimu, mikopo ya nyumba ipo, riba ni kama asilimia 15 na kuendelea, na muda wake unatosha mtoto aliye chekechea kumaliza chuo. Unaweza pia kununua jengo likiwa bado mchoroni. Mchoroni kuna bwawa, na bwawani kuna Mzungu anaogelea. Jengo likikamilika Mzungu hatakuwepo, na bwawa litakuwa limehifadhi vigae vilivyobaki.

Siku ya kukagua, acha kugongagonga makabati ya jiko kama fundi. Omba kuoneshwa jenereta. Uliza: inabeba lifti tu, au na pampu ya maji? Ghorofani maji hayapandi kwa hiari. Umeme ukikatika pampu inalala, tangi la juu linakauka, na mwenye apatimenti ya mamilioni anaoga kwa kopo kama tuliokulia Manzese. Umeme wenyewe utanunua kwa LUKU, na tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo. Ni kodi isiyokusumbua kwa kupanga foleni. Unaweka hela, uniti zinakuja pungufu, unanung'unika kidogo, umeshalipa.

Sasa sevisi chaji. Hapa usiwe na haraka, maana hapa ndipo majengo ya mjini yanapofia. Kila mwenye apatimenti anachangia mlinzi, usafi, dizeli na lifti, na wote mmo kwenye kundi moja la WhatsApp. Mwenyekiti ataanza kwa adabu: "Ndugu wakazi, asalaam aleykum, Bwana asifiwe, tunakumbushana mchango." Kimya. Saa mbili baadaye mtu anatuma picha ya maua yenye maneno ya Ijumaa njema. Kisha anajitokeza mzee wa ghorofa ya kwanza, ambaye hajawahi kukosekana katika jengo lolote Dar es Salaam, na kuandika kwamba yeye lifti haipandi, kwa hiyo ya lifti haimhusu. Wa ghorofa ya juu anamjibu kwamba mvua ikinyesha paa linavuja kwake peke yake, je, paa nalo limhusu yeye tu? Mmiliki aliyeko Dubai anaandika kwamba hajakanyaga jengo tangu mwaka juzi, atalipia nini? Siku ya tatu lifti inakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, ndani yake yumo mwenyekiti. Ndipo michango inapoanza kuingia.

Sheria imeweka chama cha wamiliki na bodi ya kusimamia haya yote. Ni sheria nzuri. Ila haijasema lolote kuhusu kumdai jirani aliyekuletea biriani msibani.

Faida ya kukaa mjini ni ya kweli, nisikudanganye: wenzako wanapigania kuingia mwendokasi Kimara, wewe unatoka kwa miguu unafika Posta na shati lako limenyooka. Tatizo ni kwamba ukoo wote unalijua hilo. Hasa ukoo unajua kwamba Upanga ndiko iliko Muhimbili. Ndani ya mwezi wa kwanza simu italia alfajiri.

"Hujambo mwanangu?"

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Tuko stendi ya Magufuli hapa. Baba yako mdogo kapewa rufaa, tukasema kwako si ndo jirani."

Watakuja watatu, na kiroba cha mchele, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye atapanda lifti kwa utulivu kuliko mwenyekiti. Jiko lako la kisasa, lile lisilo na ukuta, litapika uji wa mgonjwa kila alfajiri na sebule nzima itanukia tangawizi. Baba mdogo atapona, Mungu ni mwema, lakini kliniki ni kila baada ya miezi mitatu, na kijijini habari zimeshafika kwamba una chumba cha wageni. Huwezi kulalamika, nawe usithubutu.

Kuhusu kunguru: walioletwa Zanzibar kusafisha taka miaka ya 1890 wana wajukuu Upanga, na wanaihesabu roshani yako kuwa yao. Sabuni, kijiko, henga za waya, vyote vinaondoka. Usianike kitu unachokipenda.

Kabla ya kutoa hata amana, nenda kwenye jengo hilo jioni. Iache lifti, panda ngazi hadi ghorofa ya tisa na ndoo ya lita 20 mkononi. Ukifika juu, bisha hodi kwa jirani, msalimie, umuulize kama analipa sevisi chaji. Akisema analipa na akakuonesha risiti, nunua. Akianza kukueleza kwa nini yeye haimhusu, mpe pole na ushuke na ndoo yako.