Barua ya Wazi kwa Wenye Kalamu ya Ushuru wa Bia

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Gisenyi, Rwanda. Ziwa limetulia, na baa yangu pia imetulia, jambo ambalo kwa baa si heri.

Nina meza sita kwenye njia ya Rubona na ubao mweusi wa bei. Ubao huo nimeufuta mara nyingi hadi umekataa kufutika. Chini ya bei ya leo inaonekana ya mwaka jana, na chini ya hiyo ya mwaka juzi, na wateja wangu wamejifunza kuzisoma zote. Juzi mzee mmoja mvuvi wa dagaa tunaowaita sambaza alivaa miwani, akauinamia ubao, akaweka kidole kwenye bei ya chini kabisa. "Binti yangu, mimi nipe hii."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha akaniita mwizi, kwa upole tu, kama mtu anavyomtania mkwewe.

Hilo ndilo lililonikalisha niandike. Kalamu ni yenu, chaki ni yangu, na mwizi ni mimi. Mwaka 2025 ushuru wa bia ulipotoka asilimia 60 ya bei ya kiwandani kwenda 65, hakuna aliyetumwa huku kusimama kando ya ubao na kujibu maswali. Nilisimama peke yangu, na kitambaa chenye maji mkononi.

Nimeisoma sheria, waheshimiwa, msidhani sisi wa baa tunasoma lebo tu. Bia ikiwa na malighafi za nchini zisizopungua asilimia 70 kwa uzito, inalipa asilimia 30. Ila maji hayahesabiwi. Nikairudia sentensi hiyo mara tatu. Maji! Kuna kitu kingine kwenye chupa chenye Unyarwanda zaidi kuliko maji?

Basi nina ombi. Kiwanda cha bia kilianza hapa kwetu mwaka 1957. Mwaka 1963 pale Rubona wakatega bomba ziwani, gesi ya methani ikapanda kutoka kilindini ikaenda kuwasha maboila ya kiwanda hichohicho. Bomba kwetu si jambo geni. Tunaomba la pili, la bia, litoke kiwandani lije mezani. Si lazima liwe kubwa, unene wa mkono wa mtoto unatosha. Lifuate barabara ya ziwa, lifukiwe futi mbili ili motari wa pikipiki wasiligonge, liwe na mchepuko mmoja kwa kila baa na mmoja kwa ukumbi wa harusi. Ubaridi hatuwaombi, likipita ufukweni ziwa litaipoza bia.

Uzuri wake ni huu. Ushuru hukokotolewa bia inapotoka kiwandani. Sasa, bia iliyo ndani ya bomba la kiwanda imetoka? Haijatoka. Nikifungua koki, mteja wangu yumo kiwandani, ingawa mgongo wake umeegemea ukuta wangu. Kila koki iwe na mita kama ya umeme: mteja analipa kwa simu, anapata tarakimu ishirini, anabonyeza, povu linashuka. Salio likimwishia katikati ya glasi, mita inalia pii-pii kama Cashpower ya nyumbani, naye anailaani mita. Hanilaani mimi. Nimelala usiku kadhaa nikiiwazia sauti hiyo. Siku ya mahari tu ndiyo tunaomba isikate, maana hakuna mkwe anayengoja tokeni.

Mengine ni madogo. Mashine ya risiti itoe karatasi fupi. Ya chupa moja ni ndefu kuliko chupa yenyewe. Saa ya kufunga, saa saba usiku tangu Septemba 2023, na saa nane Ijumaa na Jumamosi, sina ugomvi nayo. Siku hizi wateja wangu wanaondoka saa tatu.

Wanakwenda wapi? Mnadhani mtu akishindwa bei anaacha kunywa? Njooni nyuma ya nyumba yangu giza likiingia. Vijana waliokuwa wakichangia chupa mbili kwangu wanapokezana kikombe kimoja cha kanyanga, pombe kali ya magendo, kutoka kwenye kijerikeni, wamechuchumaa ili wasionekane. Kanyanga haina ushuru wala risiti, na hakuna ajuaye kilichotiwa humo. Msichana aliyekuwa akihudumia meza zangu nilimwachisha kazi Machi, nikamwambia atarudi mambo yakikaa sawa. Nilimdanganya, na alijua namdanganya, akanishukuru hivyohivyo. Hiyo nayo ipigieni asilimia.

Samahani, nimepaza sauti. Baa ni tupu, sauti inarudi kubwa kuliko ilivyotoka.

Mkipanga kuinyanyua kalamu tena, nitumieni mtu mmoja tu, mwenye koti zuri na sauti nzito, akae hapa siku moja kutoka saa kumi na moja jioni. Kiti kipo, kinywaji cha kwanza juu yangu kwa bei ya zamani. Kitambaa nitampa mimi. Yule mzee wa sambaza huja saa kumi na mbili, na miwani yake.

Ni mimi,
Mwizi wenu mtiifu,
Njia ya Rubona