Mtegaji Katoroka na Jibu

Kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp tunamdai jibu tangu Ijumaa ya wiki jana. Katega kitendawili saa tatu usiku, watu wazima wenye wake, waume na marejesho ya mkopo wakakesha wakikisia, mwenyewe kazima data. Jumamosi kaonekana mtandaoni. Jumapili kaweka stetasi ya pilau. Ukimwandikia pembeni, tiki mbili za bluu hizo, kisha kimya. Anayekopa hela akakimbia namwelewa, hela ina kazi zake. Jibu la kitendawili analikimbiza wapi?

Kundi linaitwa Chemsha Bongo. Tulilianzisha tuliosoma pamoja, halafu kila mmoja akaingiza ndugu yake, shemeji yake na mtu aliyekutana naye msibani, mpaka sasa hakuna anayejua nani ni nani. Yuko wa Tanga, yuko wa Mombasa, yuko wa Muscat, na yuko wa Minneapolis ambaye kwake kukipambazuka sisi huku tunajiandaa kutoka kazini. Nia ilikuwa njema. Badala ya kutumiana picha za maua zenye "Asubuhi njema yenye baraka", tunoe akili: vitendawili, mafumbo ya maneno, hesabu za kuzungusha kichwa. Nani angepinga?

Tatizo linaanzia kwenye kuitikia. Barazani mtu akisema "Kitendawili!", waliopo husema "Tega!" kwa pamoja, imekwisha, anatega. Kwenye simu kila mtu anaitikia kwa wakati wake na kwa bando lake. Zinaingia Tega za Kariakoo, Tega za Likoni, Tega yenye stika ya mtoto anayekata kiuno, na Tega ya sauti ya dakika nzima ambayo ndani yake mtu anamkemea mwanawe azime televisheni ndipo aseme Tega. Fumbo lenyewe likija limefunikwa. Hapo ndipo Mzee Chande, baba wa mmoja wetu aliyeingizwa kundini kwa bahati mbaya, anapoamua kusema "Hamjambo wanangu." Mzee akishasalimia hakuna wa kuendelea na fumbo. Shikamoo zinapanga foleni, naye kwa heshima zake anaitikia marahaba moja moja, kwa jina la kila mtu, akiandika kwa kidole kimoja. Kesho yake, fumbo limekwisha fumbuliwa na kusahauliwa, anaibuka wa Mtwara aliyekuwa hana bando: "Tega."

Na yuko dada mmoja, jina nalihifadhi, anayejibu "Amina" kwa kila ujumbe mrefu. Aliulizwa chui na mbuzi watavukaje mto. Amina.

Hilo la chui acha nilisimulie, maana ndilo lililonionyesha tulivyo. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na mtumbwi unaochukua yeye na kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi kaliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yameliwa. Fumbo hili ni kongwe. Ulaya limo kwenye mkusanyo wa Kilatini unaohusishwa na Alcuin, mwanazuoni wa York aliyefariki mwaka 804, ila wao wana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Miaka kama 1,200 watu wamevuka mto ule salama salimini. Likaja kundini kwetu.

Wakili wetu alitaka kwanza kujua mwenye chui ana kibali gani. Shemeji wa Kigamboni akauliza mtu ahangaike na mtumbwi wa nini wakati daraja lipo tangu 2016. Akajibiwa kwamba mwenye chui hawezi kupita pale penye kulipia tozo. Neno tozo likishatajwa, nani anakumbuka mbuzi? Mjadala ulikwenda mpaka usiku mkubwa, watu wakapandishiana, skrinshoti za risiti zikaletwa kama ushahidi. Mwingine akapendekeza mbuzi achinjwe upande huu, avushwe akiwa nyama, chui apewe matumbo. Hoja hiyo iliungwa mkono na wengi kuliko jibu lenyewe.

Jibu lilitolewa na binti wa kidato cha pili aliyekuwa ameshika simu ya mama yake. Anavushwa mbuzi kwanza. Mtu anarudi mtupu, anamchukua chui, anamshusha ng'ambo, halafu anarudi na mbuzi. Wakubwa wote walikwama hapo, kwa sababu mtu mzima hataki kurudisha kitu alichokwisha kukivusha. Anamwacha mbuzi, anachukua majani, anayapeleka kwa chui asiyekula majani, anarudi mtupu, anamfuata mbuzi. Safari saba. Binti aliandika mapema tu, lakini tuliliona jibu asubuhi, limezikwa katikati ya tozo. Hakuna aliyemwambia hongera. Mama yake aliambiwa asimpe mtoto simu usiku.

Hesabu ndiyo usiniguse kabisa. Mwaka 2019 dunia nzima iligombana kwa ajili ya 8 ÷ 2(2+2), na ugomvi huo ukishafika kwenu hauondoki, unakwenda kupumzika na kurudi. Sisi tuliofundishwa MAGAZIJUTO kwa kuimba, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, tulisimama kwenye 16: mabano yanatoa 4, nane gawanya kwa mbili ni 4, nne mara nne ni 16. Wenzetu wakasema ile 2 imegandana na mabano, haitenganishwi nayo, kwa hiyo 2 mara 4 ni 8, na nane kwa nane ni 1. Ukweli ni kwamba swali limeandikwa kwa hila. Mabano mengine mawili tu yangemaliza kesi, na aliyeliandika alijua hivyo. Lakini nenda kamweleze hilo mwalimu mstaafu wa hesabu aliyefundisha nusu ya kundi kwa fimbo. Usiku ule watu wawili walijitoa. Mmoja admin alimrudisha, akajitoa tena, kwa kuwa mara ya kwanza wengi walikuwa wamelala hawakumwona.

Wa Minneapolis yeye fumbo lake halina hata maneno. Anacheza Wordle, ule mchezo wa Josh Wardle uliofunguliwa kwa watu wote Oktoba 2021 na kununuliwa na gazeti la New York Times Januari 2022. Neno moja kwa siku, herufi tano, nafasi sita za kukisia. Herufi iliyokaa mahali pake inageuka kijani, iliyomo lakini si hapo inageuka njano, isiyokuwamo kijivu. Ukimaliza unawatumia wenzako vile viboksi vya rangi bila kutaja neno, ili usiwaharibie. Uungwana huo naukubali. Ila sisi wengine hatuchezi! Saa kumi alfajiri simu inalia, nashtuka nikidhani kuna msiba, nafungua nakuta viboksi vya kijani na njano kama mtu anayeniuliza nichague vigae vya choo. Chini ameandika: "Leo ilikuwa ngumu." Kilichokuwa kigumu nini, baba? Kwetu kilichokuwa kigumu ni kurudi usingizini.

Tulimwomba atuletee cha Kiswahili. Akafanya kwa mkono: anaficha neno, tunakisia, anarudisha viboksi. Kila mtu akaanza kwa kupachika A mwishoni, maana maneno yetu mengi ndiko yanakoishia. Wa Mombasa akakisia "ukila". Basi. Wengine wakasema hilo si neno, hilo ni sharti. Nikila nini? Nikila nitakuwaje? Mwalimu mstaafu wa Kiswahili (ndiyo, tunaye na huyo) akaleta kanuni ya nyakati na hali ya vitenzi kwa ujumbe wa sauti, sehemu ya kwanza hadi ya nne. Dada yetu akajibu Amina. Mchezo ukafia hapo, na neno lililofichwa mpaka leo hatulijui. Unaona jinsi tabia hii ya kutoroka na jibu ilivyo ya zamani?

Halafu ikaja akili mnemba, ndiyo ikatumaliza. Wahenga waliosema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, hawakuwahi kukutana na mwerevu mwenye bando la wiki. Siku hizi fumbo likitua tu, kabla hujavaa miwani, kuna mtu ameshusha jibu la aya nne lenye vichwa vya habari na nukta zilizopangwa, na mwisho kabisa limebaki swali: "Je, ungependa nikuandalie mafumbo mengine kama hili?" Hata kufuta hajafuta. Na kundi linampigia makofi! Nilikutana naye kwenye harusi, tumekaa meza moja, nikamtegea cha watoto: nyumba yangu haina mlango. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta simu. Yai, kaka. Lilikuwa mbele yako kwenye sahani.

Wala sisemi turudi kukoka moto uani. Mimi napenda kwamba mtu wa Tanga na mtu wa Muscat wanaweza kukwama kwenye fumbo moja usiku mmoja. Ninachotaka ni sheria, na sheria tulikuwa nayo. Ukishindwa kitendawili, mtegaji anasema "Nipe mji." Unampa mji. Asipoupenda anaukataa, unampa mwingine. Akiukubali anasafiri kwa maneno, nilikwenda Mombasa, nikala, nikanywa, wenyeji wakaniambia, na hapo ndipo jibu linapotoka. Aliyeshindwa amekiri na amelipa, na aliyelipwa hana budi kutoa. Huwezi kuchukua mji ukalala nao. Na hata ungetaka kutoroka ungepitia wapi, bibi kakaa mlangoni?

Washairi walikuwa wakali zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa bingwa wa mashairi ya mafumbo na ya kujibizana. Ukifumbiwa kwa shairi unafumbua kwa shairi, kwa vina na mizani. Jaribu kumjibu Muyaka kwa stika.

Tuliwahi kuirudisha desturi hiyo, usiku mmoja, wakati Da Zuhura alipokuwa mtegaji. Tukashindwa, akadai mji. Tukampa Dodoma, akasema Dodoma siku hizi kila mtu anapelekwa hata asipotaka. Tukampa Tunduma, akauliza foleni ya malori atamwachia nani. Wa Muscat akamtolea Muscat, wa Mombasa akaja juu kwamba mtu hagawi mji anaoishi kwa kibali cha kazi. Mwishowe Lamu, akaukubali kwa masharti kwamba punda wote wawe wake. Kisha akasafiri, jahazi, mawimbi, akapokewa, akala samaki wa nazi, watu tunamsubiri na macho yametutoka. Jibu lilikuwa kivuli. Tukamlaani, tukacheka, tukalala. Hakuna usiku kundi lile lilifanya kazi yake vizuri kama ule, na hakuna aliyefungua kitu kingine kwenye simu yake mpaka jibu lilipotoka.

Kwa hiyo admin, hili si la kupigia kura. Andika leo kwenye maelezo ya kundi, tena kwa herufi kubwa: hatajibiwa Tega mtu yeyote ambaye hajamkabidhi Mzee Chande jibu lake kwanza, pembeni, kwa siri. Mzee hana upendeleo, halali mapema, na data yake haizimwi kamwe kwa sababu hajui inazimiwa wapi.