Kwani Kuna Harusi?

Chumba cha wageni katika nyumba yetu, nyuma kidogo ya soko la Gakoromone, ni cha mama mkwe hata akiwa hayupo. Kitanda ni chake, blanketi la maua ni lake, na msumari ulio nyuma ya mlango ni wa kuning'iniza leso yake. Ndicho chumba nilichokijaza mikungu 28 ya ndizi mbichi mwezi wa Julai, kwa sababu za kitaaluma.

Mimi ni muuza mitumba. Nauza makoti na sweta, bidhaa ambayo Mlima Kenya hunitangazia bure kila ukungu unaposhuka. Nikiwa na miaka 41 nilijiandikisha kusomea shahada ya biashara, upande wa ujasiriamali na uongozi, masomo ya jioni na Jumamosi. Zamani mtu wa Meru akitaka shahada alipanda gari la Nairobi, na wengine hawakurudi. Siku hizi vyuo vimetuzunguka: KeMU pale Kaaga walipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2006, Chuka na kile cha Nchiru wakaipata 2013, Embu 2016. Mtu anafunga kibanda saa kumi na moja na anawahi kiti cha mbele. Changu sikitaji, maana chuo hakina kosa lolote katika haya yafuatayo.

Masomo ya biashara yana tabia moja mbaya: hayakai daftarini. Ukisoma historia, Vita vya Kwanza vya Dunia havikufuati jikoni. Lakini nilipofundishwa uongozi, nilirudi nyumbani nikawatazama watu wangu watatu waliokuwa wakila githeri, nikaona wafanyakazi wasio na mwelekeo.

Tulikuwa tumesomeshwa habari za Kurt Lewin. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, yeye na wenzake Lippitt na White walichapisha majaribio yao juu ya vikundi vya wavulana wa miaka kumi waliokuwa wakitengeneza barakoa za kuchezea. Kiongozi mmoja aliamrisha tu, mwingine alishauriana nao, mwingine akawaachia wafanye watakavyo. Iligundulika kwamba kiongozi wa amri akitoka chumbani kazi hulegea, lakini wale waliozoea kushauriwa huendelea hata akiwa hayupo. Nami nilikuwa na mvulana wa miaka kumi, Mutwiri, anazurura tu bila kufanyiwa utafiti.

Wiki ya kwanza nilibandika ratiba ya amri kwenye mlango wa jikoni. Wiki ya pili tukafanya mkutano wa mashauriano kila jioni, mume wangu akiwa katibu kwa kuwa ni mwalimu na ana mwandiko mzuri. Kila jioni swali la chakula lilipigiwa kura, na kila jioni chapati zilishinda kwa kura tatu dhidi ya moja. Mpishi wa chapati alikuwa ni yule mwenye kura moja. Wiki ya tatu niliwaachia wafanye watakavyo, na ikafika Alhamisi tunakunywa chai kwenye bakuli kwa sababu vikombe vyote vilikuwa kwenye karai, vimeota utando.

"Mama Kendi," mume wangu akaniuliza kwa upole, "hii shahada ina miaka mingapi?"

"Minne, Baba Kendi."

Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Basi ndio ikaja kazi ya muhula: andika mpango wa biashara, na mwenye uwezo autekeleze. Mwalimu alikuwa ametusimulia habari za Richard Cantillon, mfanyabiashara wa asili ya Ireland aliyeishi Paris, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1755 ilhali mwenyewe alikufa 1734 nyumba yake ilipoungua London. Huyu ndiye aliyesema mjasiriamali ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Nilipoisikia hiyo nilikaa wima. Hao ni sisi! Hiyo ni Gakoromone nzima, kuanzia muuza njugu hadi mwenye lori la viazi. Lakini mimi sikutaka tena kuwa mtu wa robota moja la makoti. Nilitaka ndizi.

Ndizi za kwetu hutoka huku chini, Nkubu, Igoji na Mitunguu, na barabara ya kwenda Embu imepangwa mikungu pande zote mbili. Mbichi ni bei moja, iliyoiva ni bei nyingine, na kati ya bei hizo mbili niliona nimeachiwa mlango wazi. Hesabu yangu ilikuwa hivi: mikungu 28 kwa shilingi 400 ni 11,200, pikapu 2,000, kamba na avokado 300. Jumla 13,500, na chama kilikuwa kimenikopesha 15,000. Nikiiuza imeiva kwa 800 kila mkungu napata 22,400. Faida 8,900 kwa wiki moja. Nilipiga mstari chini ya hiyo 8,900 mara mbili, kwa rula.

Kuhusu washindani, niliandika kwamba wapo lakini hawana mtaji wala maono. Mshindani niliyekuwa nikimfikiria ni Mama Mwiti, mzee anayeuza ndizi mbivu hatua chache kutoka kibandani kwangu. Mama Mwiti huivisha mikungu mitatu. Ikikaribia kwisha, huivisha mingine mitatu. Amefanya hivyo tangu mimi nikiwa msichana. Nilipomhoji kwa ajili ya utafiti wa soko, nikamuuliza kwa nini hapanui biashara, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hana masikio manne.

"Wanaokula ni walewale," akasema, akaendelea kufukuza nzi.

Nilinakili jibu hilo kwenye daftari. Sikulisoma.

Pikapu ilishusha mzigo Jumamosi jioni. Tuliinua godoro la mama mkwe tukaliegemeza ukutani, tukapanga ndizi chini kwa safu, mikono ikiangalia juu. Jumapili hazikuiva, sawa. Jumanne hazikuiva. Wasiojua Meru ya Julai niwaambie: jua linaweza kupotea wiki nzima, na bati la nyumba linatoa jasho la baridi. Ndizi zilikaa palepale, kijani na ngumu, kama zimegoma. Ijumaa nikafanya kile ambacho vitabu vinakiita kuchukua hatua. Nilifungua robota jipya la makoti, makoti ya sufu ya kutoka Italia, bado na harufu ya dawa, nikayatandaza yote juu ya ndizi. Juu ya makoti nikaweka turubai. Halafu kati ya mikungu nikachomeka avokado kumi na mbili zilizoiva sana.

Hiyo ya avokado kila mama anaijua, ila sababu yake nilikuja kuijua baadaye. Tunda likiiva hutoa hewa iitwayo ethilini, jambo ambalo Richard Gane alilithibitisha Uingereza mwaka 1934. Hewa hiyo ikilifikia tunda jirani, nalo huanza kuiva, nalo hutoa hewa yake, likaliambia la pili, la pili likaliambia la tatu. Pia ndizi inayoiva hutoa joto, na joto likifunikwa na koti la sufu la Italia haliendi popote. Katika nyumba yangu, ambamo nilikuwa nimejaribu mitindo mitatu ya uongozi pasi na kikombe kimoja kuoshwa, kumbe viongozi wa kweli walikuwa avokado. Hawakuitisha mkutano. Walikaa kimya gizani, na wafuasi wote wakawaitikia.

Jumatatu mtihani ulianza, karatasi tatu kwa siku tatu. Nilimwita Mutwiri nikampa cheo cha msimamizi wa ghala, na kwa kuwa nilijua anavyopendwa na watoto wa ploti yote, nikampa amri moja tu: "Usifungue huo mlango mpaka nimalize mtihani."

Jumatatu jua lilitoka. Nililiona kupitia dirisha la darasani na nikalifurahia.

Jumanne nilirudi saa mbili usiku, nikala nikiwa nimesimama, nikasoma hadi saa saba. Nilinusa kitu kitamu. Nikadhani ni Kendi amejipaka mafuta mapya. Jumatano asubuhi, karatasi ya uongozi, swali la kwanza: eleza tofauti kati ya kiongozi na meneja, alama 20. Nilijaza kurasa nne. Niliandika kwamba kiongozi huona mbali. Nilinukuu Iowa. Niliandika, kwa mkono wangu huu, kwamba amri zisizoeleza sababu huua ubunifu wa walio chini.

Nilipofika nyumbani saa tisa, Mutwiri alikuwa ameketi mbele ya mlango wa chumba cha nyanya yake, magoti pamoja, akipunga mbu kwa kitabu cha hesabu. Hawakuwa mbu. Walikuwa wale vinzi wadogo wa matunda, wengi kama vumbi.

"Tangu lini?"

"Tangu jana, mama. Lakini ulisema tusifungue."

Nilifungua. Joto lilinipiga usoni kama pumzi ya mtu, na harufu ilikuwa imeshavuka ndizi ikakaribia pombe. Nikavuta turubai, nikavuta makoti. Zilikuwa zimeiva zote, kila moja, njano iliyopita njano, zimeanza madoadoa. Nikainama nikashika mkungu wa kwanza kwa shina nikaunyanyua. Shina lilikuja peke yake. Lilipanda mkononi mwangu jeupe na tupu, kama kitana kilichong'oka meno, na ndizi zikabaki chini zimelala katika safu zilezile nilizozipanga. Nikajaribu wa pili. Vivyo hivyo. Ndizi moja ilidondoka juu ya kiatu changu cha mtihani, ikapasuka bila kelele.

Ndipo nikasikia sauti mlangoni: "Muga!"

Mama mkwe huja kliniki kila baada ya miezi mitatu. Tarehe ilikuwa ukutani, mume wangu ndiye aliyeiandika, kwa ule mwandiko wake mzuri. Alisimama sebuleni, leso kichwani, fimbo mkono mmoja, na nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba zawadi aliyotuletea kutoka Igoji. Mkungu wa ndizi.

"Karibu, mama," nikasema, shina likiwa bado mkononi.

Alipita, akachungulia chumba chake. Alitazama godoro lililosimama, akatazama sakafu, akatazama makoti. Alichukua muda.

"Zote umeziivisha siku moja?" akauliza. "Kwani kuna harusi?"

Sikuwa na jibu, nami nilikuwa nimetoka kujibu maswali ya saa tatu. Frank Knight mwaka 1921 alitenganisha hatari zinazopimika na mashaka yasiyopimika, na hapo niliweza kabisa kumweleza mama kwamba faida ya mjasiriamali huzaliwa katika lile fungu la pili. Nilimletea kigoda.

Aliketi palepale kizingitini na fimbo yake, na hakuinuka kwa saa nzima. Zilizo ngumu kidogo, beseni hili. Zilizopasuka, ndoo ile, kwa nguruwe wa jirani. Za katikati, Kendi apeleke ploti yote, nyumba kwa nyumba, leo, si kesho. Mume wangu aliporudi kutoka shuleni alikuta mstari umeshapangwa, akaingia katikati bila kuuliza ajenda. Mutwiri ndiye aliyepewa kazi ya kuonja, kuamua ipi ni ya beseni na ipi ni ya ndoo. Nilipendekeza tuanze na tathmini ya hasara.

"Inua beseni, Mama Kendi," akasema mama mkwe.

Mama Mwiti alinipa nusu ya meza yake jioni ile. Tulianza na ndizi tatu kwa shilingi 20, giza likiingia zikawa kumi kwa 20, na siku ya pili nikauza kwa sahani, mnunuzi akija na sahani yake mwenyewe. Alikuwa na haki ya kunisema, kwa kuwa soko lake la siku mbili nililimaliza mimi. Aliuliza tu, huku akinihesabia chenji, kama kile kitabu nilichomwandika kimeshatoka. Nilikusanya shilingi 5,760. Hasara, 7,740. Mkutano wa chama niupite upesi: nilisimama, nikaiita ada ya kujifunza, mweka hazina akauliza ada hiyo italipwa lini, nikataja Desemba.

Mpango ulirudi wiki mbili baadaye ukiwa na alama 26 kati ya 30. Pembeni ya sehemu ya washindani mwalimu alikuwa ameweka vema kubwa nyekundu.

Kilichobaki ni makoti. Niliyafua mara mbili, nikayaanika siku nne, lakini sufu haisahau. Juzi alikuja baba mmoja, akachagua koti jeusi zuri, likamkaa mabegani kama alipimiwa. Akaingiza mkono mfukoni, akanusa vidole. Akanusa na kola.

"Hili limetoka wapi, mama?"

"Italia."

Akanusa tena, safari hii macho ameyafumba.

"Italia ya upande wa Igoji?"

Nikampunguzia mia.