Mpiga Picha Ana Kazi za Watu

Anayeingia kwenye miyombo ya Kibondo na kamera shingoni hudhani anakwenda kutazama wanyama. Haichukui muda anagundua kuwa anayetazamwa ni yeye, na kwamba kila kiumbe mle ndani, cha miguu miwili, minne au sita, kina haja yake naye. Wa miguu sita ndio huwahi kufika.

Hao ni mbung'o, ambao huku magharibi wengi tunawaita ndorobo. Wanavutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, na wanavutiwa na kitu kinachokwenda. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Sasa, begi la kamera lililokuwapo dukani Kasulu lilikuwa moja tu, la bluu, mikanda myeusi. Mvalishe mtu begi hilo, mpakize nyuma ya bodaboda, mpitishe porini saa nne asubuhi: mtego umekamilika, umekosa dawa tu.

"Bosi, leo umewaita na wajukuu," dereva akasema, huku akijipiga shingoni.

Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha, kutoka maporini na kuwakusanya kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya malale, ugonjwa unaoenezwa na hao hao mbung'o. Mimi sikungoja serikali. Nilihama mwenyewe, mbio, begi nikaliacha kwenye pikipiki liendelee kupokea wageni.

Ukinusurika na mbung'o, kuna salamu. Muha hakusalimu kwa kupunga mkono akipita. Anasimama, anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, anauliza umelalaje, wa nyumbani wamelalaje, huko mlikotoka mvua imenyesha? Nawe unapiga makofi, unajibu, kisha unayarudisha yote kwake. Ni ustaarabu ambao ningependa nchi nzima iuige, isipokuwa pale hondohondo anapotua kwenye tawi la mninga, jua likiwa nyuma yangu, mdomo wote mkubwa uko wazi kabisa kwenye lenzi.

Kina mama wawili walitokea na majembe begani. Wakayatua chini, wakaanza. Kamera inataka mikono miwili. Makofi nayo yanataka mikono miwili. Kijana aliyelelewa vizuri hana cha kufikiria hapo: niliiachia kamera ining'inie, nikainama, nikapiga makofi. Tulipofika kwenye hali ya mifugo, ambayo mimi sina, hondohondo akaondoka kwa ule mshindo wa mbawa unaosikika mpaka ng'ambo ya bonde.

"Ulikuwa unapiga nini, mwanangu?" mmoja akaniuliza.

"Ndege, mama."

"Yuko wapi?"

Nikapiga ule mti, ili nisionekane nimesimama bure.

Anayenisikitisha zaidi ni mlembe, kwa sababu yeye aliniamini. Ndege huyu mdogo anajua nyuki walipo, lakini hana shoka wala moshi. Kwa hiyo humtafuta binadamu, humpigia kelele, humwongoza mti kwa mti hadi kwenye shina lenye asali. Mtu anachukua asali, ndege anabaki na nta na majana. Utafiti uliofanywa Niassa, Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa warina asali wakitoa ule mlio wao maalumu, mlembe huwa mwepesi zaidi kuwaongoza. Mimi sikutoa mlio wowote. Nadhani aliona tu nimebeba vyombo.

Nilimfuata kwa furaha, nikidhani anajipitisha mbele ya kamera. Kila nikisogea, naye anasogea. Mwisho akatulia kwenye tawi, akanyamaza. Nikainua kamera. Alinitazama, akalitazama shina, akanitazama tena, kama fundi anayemngojea kibarua alete ndoo. Ndipo nikausikia ule mvumo ndani ya shina. Nyuki nao walikuwa wamenisikia. Picha ninayo: ina ncha ya mkia, kidole changu, na anga lililolala ubavu.

Upande wa mashariki, kwenye ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, nilitarajia nafuu. Eneo hilo lina ukubwa wa hekta zaidi ya milioni 3, na mwaka 2000 lilikuwa la kwanza nchini kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar. Huko kuna korongo nyangumi, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye domo pana mno, anayeweza kusimama kwenye matete muda mrefu bila kutikisika, akimvizia kambare. Mpiga picha aombe nini tena? Tatizo ni kwamba aliyetulia ni ndege. Mtumbwi haukuwa na mpango huo. Nilirudi na maji, na matete, na sikio la mpiga kasia likiwa limetoka vizuri sana.

Hata wakubwa yamewakuta. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, na kwa miezi sokwe wakawa wanamkimbia kila akisogea. Aliyeanza kumzoea ni dume mmoja aliyempa jina la David Greybeard, na huyo alikuja kambini kufuata matunda ya mchikichi, akaishia kuchukua na ndizi. Hugo van Lawick alipofika na kamera zake mwaka 1962, ndizi zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya mazungumzo. Sisi tunaona picha maridadi za sokwe. Sokwe walikuwa kwenye habari za ndizi.

Kwa hiyo niliporudi Kasulu sikushangaa kusikia kuna mzee ananiulizia. Alikuja na jirani yake, wote warina asali, wote wamenuna. Walikuwa wanagombania mzinga wa gome uliotundikwa mtini. Kila mmoja alisema ni wake, na alama ya mwenyewe, ile inayochongwa kwenye mzinga, ilikuwa imekwanguliwa na mtu asiyejulikana. Mmoja wa wale kina mama wa majembe ndiye aliyewaambia kuwa kuna kijana alipiga picha mti ule ule, hauna kitu.

Nikawasha kompyuta. Mninga ukatokea, tawi tupu, jua safi. Nikakuza upande wa kulia. Mzinga ulikuwa pale, umening'inia, na alama yake inasomeka bila miwani: mistari mitatu na mkato mmoja. Jirani akaitazama muda mrefu, akasema kwamba pengine wa kwake ni ule mti wa pili.

Jioni mzee alinirudia na asali kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu. Nilimwambia ukweli, kwamba pale nilikuwa nafuata hondohondo, nikachelewa kwa sababu ya salamu.

"Afadhali ulichelewa," akasema. "Ungewahi, ungetuletea ndege tu."